Msaada wa Tajiri Lwambano

Sheria ilipoanza kuwatoza faini waliotupa kompyuta mbovu, tajiri Lwambano, mwenye duka la kompyuta, aliamua kuzitupa zake kwa jina la msaada. Alizishusha shuleni kwa Mwalimu Sikitu, akamwalika na afisa wa mazingira aje kupiga makofi.

Sikitu alijaribu kuziwasha zote. Hakuna hata moja iliyowaka.

"Mzee, mgeni wetu angependa kujua kama ni nzima," alisema kwa unyenyekevu.

"Hazina tofauti na mpya zilizoko dukani kwangu."

"Unaapa?"

"Naapa, mwalimu."

"Afisa amesikia. Basi tubadilishane, mzee. Hizi ukaziuze wewe, watoto wachukue za dukani. Au kuna tofauti?"

Lwambano alimtazama afisa, akapiga simu dukani zipakiwe mpya.