Nishani ya Steringi

Sogeeni karibu. Anayesinzia anawe uso, maana mwisho wa hadithi hii kuna swali, na mimi jibu sina.

Palikuwa na watu watatu katika mji mmoja wa ukungu, juu kule Rungwe. Sekela alikuwa na macho: hata ukungu uwe mzito namna gani, alimtambua mtu kwa jinsi anavyotupa mguu. Ipyana alikuwa na sauti: katika banda la video alishika maikrofoni na kuwasemea kwa Kiswahili watu wa kwenye filamu, na yule ambaye filamu haikumpa neno, Ipyana alimpa. Lwitiko alikuwa na mkono: jenereta la banda lilikuwa kuukuu, na halikumtii mwingine.

Gwakisa, mume wa Sekela na baba wa mtoto wao Tumpe, aliipenda filamu moja kuliko chakula. Ndani yake steringi, yaani shujaa mkuu wa filamu, mwanajeshi wa Marekani, anaingia peke yake katika nchi isiyotajwa jina. Jeshi zima linammiminia risasi, hazimpati. Yeye ana bastola moja, na haiishiwi. Mwisho anasimamisha bendera ya kwao, na rais anamvisha nishani.

"Steringi hafi!" Gwakisa alikuwa akisema, amesimama mbele ya shuka jeupe la kuonyeshea picha. "Na mimi nichukueni!"

"Kaa chini wewe, unatuziba!"

Alasiri moja ya mvua aliinua mkono, akaigusa ile bendera. Shuka likatikisika. Watu walipotazama, vilibaki viatu vyake vya mvua tu, vimeelekea kwenye shuka. Wakacheka, wakasema ametoroka, yuko Tunduma.

Sekela hakucheka. Kesho yake mchana alikuja na vile viatu mkononi, akakaa benchi la mbele. Steringi alipofika darajani, maadui wakatokea kwenye moshi, nyuso zimefunikwa. Mmoja alikuwa peku, na mguu wa kushoto aliutupa nje kidogo. Chini ya gwanda lake lilichungulia sweta la kijani alilolifuma Sekela mwenyewe.

"Yule ni baba Tumpe!"

Risasi ikampata, akaanguka.

"Shemeji, yule ni adui tu," alisema Ipyana.

"Rudisha nyuma."

Ipyana akarudisha. Gwakisa akainuka, akaja mbio, akafa tena. Lakini safari hii alikuwa amefifia. Vyuma vya daraja vilionekana kupitia kifua chake.

Alitaka kuwa steringi, maskini. Filamu ilikuwa na steringi wake tayari. Nafasi nyingine zote zilikuwa za kufa.

"Rudisha tena," Sekela alinong'ona, "halafu umwite."

Ipyana akayaacha maneno ya filamu. "Huyo anaitwa Gwakisa!" alipaza sauti. "Ana mke! Ana mtoto anayeota meno! Anapenda magimbi ya kuchoma!" Steringi akasita, bastola juu, kama mtu ambaye hajawahi kuambiwa jina la anayempiga. Ipyana aliita mpaka sauti ikakatika, na mpaka leo haijarudi.

Mara jenereta likakohoa. Picha ikaanza kuwa nyeusi pembeni, na weusi ule ukamla Gwakisa kuanzia miguuni. Huko nje bomba la mafuta lilikuwa limechomoka. Lwitiko akalishikilia kwa kiganja kitupu juu ya injini inayounguza, mpaka ngozi ikabaki pale.

Sekela akaingiza mkono ndani ya shuka. Ukapita kama kwenye maji. Akapapasa moshi, akakamata sweta, akavuta. Gwakisa akaangukia mabenchi, akilia. Mkono ule wa Sekela ni wa baridi tangu siku hiyo, na ukiuweka juani hauna kivuli.

Tungeishia hapo. Lakini filamu haikuwa imefika mwisho wake, na mwisho wake ni nishani. Mkono mwingine ukatoka kwenye shuka, wa koti safi jeusi, umeishika. Spika zikasema, kwa sauti ya Ipyana, na Ipyana mwenyewe amefumba mdomo:

"Nani amemwokoa?"

"Tuko watatu," Sekela akajibu.

"Shujaa ni mmoja. Avae. Akivaa asiyestahili, tunamrudisha mtu wetu."

Gwakisa akatazama miguu yake. Sakafu bado ilionekana kupitia nyayo.

Sekela akamnyooshea kidole Ipyana. Ipyana akatikisa kichwa, akaonyesha nje, kwa Lwitiko. Lwitiko akapiga kelele, "Mpeni shemeji, yeye ndiye aliyemwona! Na fanyeni haraka, mafuta yanaisha!"

Kama Sekela asingemwona, nani angejua yumo? Kama Ipyana asingemwita, steringi angefyatua. Kama Lwitiko angeachia lile bomba, pasingekuwa na picha ya kuingiza mkono.

Shingo ni tatu, nishani ni moja, na ule mkono bado umenyooshwa. Haya, ninyi mnaonisikiliza, jenereta linakohoa tena: tumvishe nani?