Nzi Aliyenukia Mnanaa

Duka la fundi saa halikuzidi upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, na humo saa zilikuwa nyingi kuliko wateja. Juu ya meza palikuwa na taa ya shingo ndefu, lenzi ya kubana jichoni, vibano vya kila unene, na jiliwa dogo lililoshika ndoana. Fundi alipomaliza kazi ya watu ndipo alipoanza kazi ya moyo wake. Aliivisha ndoana ile nyuzi na manyoya ya jogoo, akakaza hapa, akapunguza pale, mpaka samaki yeyote mwenye njaa angeapa kwamba ameona mdudu. Yeye na rafiki zake waliita kitu hicho nzi.

Rafiki hao walikuwa wawili, na pamoja naye walikuwa kama mafiga: ukiondoa moja, chungu kinamwagika. Wa kwanza alikuwa daktari wa meno, mnene na mcheshi, ambaye mji mzima ulimwita Ganzi. Wa pili alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mrefu kama mlingoti, aliyekuwa na maneno machache darasani na mengi kupita kiasi ndani ya gari. Kwa miaka ishirini na sita walisafiri mara mbili kwa mwaka. Safari ya kwanza ilikuwa ya kwenda kwenye mto uliokatisha jangwa. Ya pili ilikuwa ya baharini, mahali ambapo maji yakipwa huacha uwanda mpana wa kina cha magoti. Huko walirusha mishipi yao, wakavua, wakamtazama samaki kwa furaha, kisha wakamrudisha majini.

"Wanaume watatu na akili zao," mke wa fundi alizoea kusema, "wanasafiri kutwa nzima kwenda kumsalimia samaki!"

Safari hizo zilikuwa na sheria moja tu, nayo haikuandikwa popote: hakuna ruhusa ya kuvua kwa nzi wa kununua. Nzi wote walifungwa na fundi. Kabla ya kila safari aliwapa wenzake visanduku vya bati, kila kimoja nzi kumi na wawili, nao walivipokea kwa mikono miwili. Fundi hakuwa mtu wa kumwaga maneno. Visanduku vile ndivyo vilivyowaambia wenzake kwamba anawapenda, na wenzake walielewa.

Lakini hakuna marefu yasiyo na ncha. Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Mwanzoni ulitetemeka akichoka tu, baadaye hata akishika kikombe cha chai. Daktari wa hospitali alimwambia kwamba ugonjwa huo hautamuua, ila hautamwacha. Fundi alirudi dukani, akaendelea kufunga nzi. Nyuzi zilimponyoka, naye alizikaza upya. Nzi aliyemchukua robo saa sasa alimchukua asubuhi nzima, na moyoni alijua kwamba baadhi yao wamelegea. Hata hivyo alivijaza visanduku vyote vitatu, akawapelekea wenzake viwili vyao na kujikausha kana kwamba hakuna jambo.

Safari ya jangwani mwaka huo ilikuwa njema kuliko alivyotarajia. Mto ulikuwa mwembamba na safi, na kingo zake zilikuwa mchanga na mawe matupu. Saa nne asubuhi Ganzi alikuwa amepata samaki wawili, Mwalimu mmoja, na hakuna nzi hata mmoja aliyefumuka. Fundi alijisikia kijana. "Kumbe bado nimo," akajisemea. Nzi wake mwenyewe alipopotelea kwenye mwamba, alimwomba Ganzi mmoja kutoka kwenye kisanduku chake. Ganzi alisita kidogo, akampa.

Fundi alimleta nzi huyo karibu na jicho ili amfunge kwenye mshipi. Pua yake ikamshika kabla ya jicho.

"Ganzi," akaita.

"Naam, bwana."

"Huyu nzi ananukia mnanaa."

Ganzi aliyatazama maji yaliyozunguka miguu yake. "Mto huu una majani mengi, ndugu yangu."

"Jangwani?"

Fundi alimgeuza nzi kwenye mwanga. Alikuwa amezungushiwa uzi mweupe wenye nta, ule wa kusafishia meno unaotiwa harufu ya mnanaa, na fundo lake lilikuwa la kushonea fizi. Mwalimu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwongezea mwanafunzi hata alama moja, hakuweza kuendelea kunyamaza.

"Tulijua wote, Fundi. Tangu safari ya baharini iliyopita nzi wako wanafumuka. Ganzi anawafunga upya, mimi nawapanga kwenye visanduku. Hatukutaka kukuumiza."

"Mkaona mniumize kwa siri," fundi akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na wenzake walitamani angepiga kelele. "Asubuhi nzima nafurahia kazi isiyo yangu! Basi hii ndiyo ya mwisho. Baharini nendeni wawili."

Siku ile, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita, Mwalimu alisafiri kilomita mia tatu bila kutia neno.

Fundi aliliweka jiliwa kwenye droo ya chini na ufito wake wa kuvulia nyuma ya kabati. Kazi za saa ndogo alizikataa, akabaki kubadilisha betri na mikanda. Aliona aibu, na aliwakumbuka wenzake mpaka chakula kikawa hakipiti. Mkewe alimvumilia mwezi mmoja, wa pili akamkalisha chini.

"Mume wangu, walikukosea, sikatai. Lakini hebu niambie: mtu asiyekupenda angeacha wagonjwa wamefumbua midomo, akaketi kukushonea mainzi?"

Neno lile lilimwingia fundi.

Jumamosi moja mchana Ganzi alitokea dukani akiwa bado na koti lake jeupe. Hakusalimu kwa mbwembwe kama kawaida yake. Aliweka nzi mmoja juu ya meza, akarudi nyuma hatua moja. Fundi alijitahidi asimtazame. Alitazama ukuta, akatazama dari, lakini kazi mbovu ilikuwa ikimwasha kama upupu.

"Kichwa kikubwa mno," akasema hatimaye. "Huyu ni nzi, au umefunga kuku mzima?"

"Ndiyo maana nimekuja," Ganzi akasema. "Nilikukosea, kaka. Nilipaswa kukuuliza, nikakuficha. Nisamehe. Halafu unifundishe."

"Nikufundishe kwa mkono gani?"

"Mikono ninayo. Kutwa nzima inaingia vinywani mwa watu na haitetemeki. Nisichonacho ni jicho lako, na hiyo jeuri yako ya kukataa kazi mbaya."

Fundi akainama, akafungua droo ya chini, akatoa jiliwa.

Masomo hayakuwa ya kubembelezana. "Fumua!" fundi aliamuru, na Ganzi alifumua. "Manyoya mengi! Unavisha nzi au bibi harusi?" Jumamosi ya pili Mwalimu naye alijileta, akapewa kazi ya kuchambua manyoya, kwa kuwa vidole vyake vilijua chaki tu. Walibanana watatu katika duka lile hata mteja akija ilibidi mmoja atoke nje. Kufikia mwisho wa mwezi visanduku vilikuwa vimejaa. Fundi hakuwa amefunga uzi hata mmoja, lakini hakuna nzi aliyeingia kisandukuni bila yeye kumkubali.

Baharini alikwenda, ila ufito aliuacha nyumbani. "Nitawabebea maji ya kunywa," alisema. Alisimama katikati ya wenzake, maji yakimfika magotini, akajiona kama mgeni kwenye harusi ya watu. Ndipo alipoona kivuli. Kilikuwa chembamba, kikitambaa juu ya mchanga mbali kidogo, na wenzake walikuwa wakitazama palepale bila kuona kitu. Jicho lililozoea kuona unywele kati ya meno ya saa lilikuwa halijapoteza kazi.

"Mwalimu, usigeuke," akanong'ona. "Mbele yako, kama kwenye uso wa saa, ni saa sita. Samaki yuko saa nane, hatua ishirini. Tupa."

Mwalimu akatupa, akachelewa.

"Nimesema saa nane, sikusema kesho! Anakwenda saa tisa sasa. Punguza. Hapo! Acha nzi azame... vuta!"

Mshipi ulikaza, maji yakapasuka, na kolekole mkubwa akakimbia akivuta nusu ya mshipi. Fundi alikuwa akipiga kelele, Ganzi anaruka kama mtoto, na Mwalimu anaomba dua waziwazi. Walipomfikisha samaki karibu, nzi alikuwa bado mdomoni mwake, amekaza, uzi haukulegea. Wakamtazama kwa furaha, wakamwachia.

Hapo fundi alilia, na hakujificha. "Nilidhani mlikuwa mnaifuata mikono yangu," akasema.

"Mikono yako tuliipenda," Mwalimu akamwambia. "Lakini tulikuwa tunakuja nawe."

Ganzi alimshika ule mkono unaotetemeka, akausitiri ndani ya viganja vyake. Fundi akavuta pua, akataka kusema jambo, kisha macho yake yakaganda juu ya maji.

"Nyamazeni wote," akasema. "Ganzi, niachie mkono ushike ufito. Saa tano, hatua thelathini, na wako wawili."

Hakika, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.