Kwa Nini Redio Hujitaja Jina Kwanza

Mmeisikia? Imewashwa sasa hivi tu, na kabla ya habari, kabla ya muziki, imejitaja jina. Kila siku hujitaja, hata kwa mtu aliyeisikiliza jana na juzi. Nyie mnadhani ni mbwembwe za watangazaji. Sogeeni niwaeleze, na wewe wa mlangoni acha kukonyeza wenzio. Kuna zama ambazo kitu hiki hakikuwa na jina kabisa, na nusura ukosefu huo ututenge na ndugu zetu.

Zama hizo mto wetu ulikuwa na daraja moja la magogo, na kando yake soko moja. Watu wa Juu walishuka na mtama, watu wa Bondeni walileta samaki wakavu, watu wa Ng'ambo walivuka na ng'ombe wao. Kila upande ulikuwa na lugha yake, na Kiswahili kilikuwa cha kuuziana na kutaniana. Walipatana vizuri, ila walikuwa na ugonjwa mmoja. Waliamini kwamba anayekipa kitu jina ndiye mwenye nacho. Muhogo ulipoingia sokoni, watu wa Bondeni waliwahi kuupa jina, na kuanzia hapo walitembea wameinua mabega, utadhani waliuumba wao.

Sasa, huko Juu alikuwako mkunga aliyeitwa Nyamizi. Watoto wa pande zote tatu walipita mikononi mwake, na majina yao aliwatafutia yeye. Desturi mnaijua: mtoto mchanga akilia hanyamazi, anatajiwa majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na litakalomtuliza ndilo lake. Nyamizi hakuwahi kushindwa. Alilijua hilo, na alipenda na wengine walijue. Binti yake wa pekee, Kalekwa, alikuwa ameolewa Ng'ambo. Alikuwa na mimba ya kwanza na mwezi wake ulikuwa umefika, kwa hiyo mama mtu alikuwa ameshafunga mkoba wake wa dawa, akitembea nao kila mahali, tayari kuvuka akiitwa.

Siku moja ya soko akaja Misigalo, kijana wa Juu aliyekuwa amekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Alibeba sanduku lililoviringishiwa waya mrefu. Alilipata kwa mtu ambaye hawakusikilizana lugha. Jina hakuambiwa, na kwa kuona haya hakuuliza. Akalitua chini katikati ya soko, akazungusha kitufe. Sanduku likaanza kulia. Likakwaruza, likapiga mluzi, likafoka kama mafuta ya moto yaliyoingia maji. Mbuzi walikata kamba.

Watu walikimbia, wakachungulia, wakarudi, na waliporudi walirudi na ugomvi. Juu walisema kimeletwa na mtoto wao, jina ni lao. Bondeni walisema soko liko kwenye ardhi yao. Ndipo akasimama Gwimo, mzee wa Ng'ambo, ambaye sauti yake ilikuwa ndogo hata watu walilazimika kunyamaza ili wamsikie.

"Muhogo mlituchukulia, tukanyamaza," alisema. "Hiki nacho mkikipa jina la huku, tunalikata daraja. Kila mtu akae kwao."

Mzee huyo hakuwa wa vitisho vya bure. Vijana wake walikwisha kushika mashoka, na mto ulikuwa umefura kwa masika, mamba wamejaa. Nyamizi akapiga hesabu. Daraja likienda, Kalekwa angejifungua bila mama yake, na mjukuu angemwona kwa mbali, ukingo hadi ukingo, akipungiwa mkono.

"Kinalia," Nyamizi alisema, akijikaza. "Kinacholia ni kazi yangu. Nipeni nikitafutie jina. Litakalokituliza litakuwa lake mwenyewe, si la Juu wala la Bondeni wala la Ng'ambo."

Wazee walitazamana, wakakubali. Gwimo naye alikubali, ila aliwaambia vijana wakasubiri darajani, na mashoka wasiyaweke chini.

Basi Nyamizi akaketi, akalipakata lile sanduku, akaanza. Alitaja majina ya kwao Juu, likazidi kulia. Akataja ya Bondeni, likakatika ghafla, na Bondeni wakaanza kurukaruka. Kabla hawajatua, likapiga mluzi wa kupasua masikio. Akataja ya Ng'ambo, likakwaruza vilevile. Majina ya wavulana yakaisha, ya wasichana yakaisha, ya mapacha yakaisha. Watu walianza kuguna. Akasikia sauti ya shoka la kwanza likijaribiwa kwenye gogo, na mikono yake, iliyopokea watoto wa tarafa nzima, ikazidi kulikumbatia sanduku.

Hapo ndipo sanduku lilipokohoa.

Lilikohoa mara moja, ndani ya zile kelele, kikohozi kizito cha mtu anayesafisha koo. Wengine walicheka. Nyamizi hakucheka. Miaka yote ile hakuwa amesikia kichanga kinakohoa namna hiyo. Alilitazama sanduku mapajani mwake, na uso ukamwiva kwa aibu.

"Jamani, tumempakata mtu mzima," alisema. "Huyu si mtoto. Huyu ni mgeni, amekuja na jina lake, na sisi tunampigia kelele za kumbatiza."

Mgeni kwetu sisi hapewi jina. Hupokewa mzigo, na mzigo hutundikwa juu, mahali pa wazi, ili aone hakuna aliyeugusa. Hupewa kigoda. Kisha wenyeji hunyamaza mpaka yeye aseme kwanza. Nyamizi akaomba kigoda, akakitandikia kanga yake mwenyewe, akalikalisha sanduku. Halafu akatafuta mzigo wa mgeni, akaona hana kingine ila ule waya. Akaukunjua wote, akampa Misigalo apande nao juu ya mti wa mkuyu, autundike mpaka kileleni.

"Sasa nyamazeni," alisema. "Gwimo, na wa kwako pia."

Gwimo akainua mkono kuelekea darajani. Shoka lililoinuliwa tena likabaki hewani. Soko zima likawa kimya, wauza samaki kimya, hata wale akina mama wa mtama ambao hawajawahi kunyamaza tangu waolewe. Nyamizi akapiga goti, kama anayemkaribisha mkwe, akagusa kitufe taratibu. Kilio kikapungua, kikawa mnong'ono, kikaisha.

"Hii ni redio," ikasema sauti, safi, ya mtu mzima. "Wasikilizaji popote mlipo, hamjambo?"

Soko lilijibu lote kwa pamoja kwamba halijambo. Vigelegele vilivyofuata vilisikika mpaka milimani, na Nyamizi akalia machozi mbele za watu, wala hakuyafuta.

Mnadhani yaliishia hapo? Hamwajui babu zenu. Juu, ambao ulimi wao haujui kukwaruza, walianza kusema *ledio*. Bondeni, ambao kwao jina haliingii nyumbani bila kuvishwa kitu mbele, wakasema *iradiyo*. Ng'ambo wakalivuta kama wanavyoita ng'ombe, *rediyoo*. Na tayari kulikuwa na mtu anamrekebisha mwenziwe, na mwenziwe anakunja ngumi.

"Hebu isikilizeni," alisema Nyamizi. "Imenuna?"

Ilikuwa haijanuna. Ilikuwa inapiga ngoma.

"Mimi kwetu naitwa Nyamizi. Bondeni mnaniita Inyamizi. Ng'ambo mnaniita Nyamiziii, usiku wa manane, mlangoni kwangu. Kuna aliyeniita kwa mdomo wake nikakataa kuja?"

Gwimo akawaita vijana wake warudi, na yeye mwenyewe akambebea mkunga mkoba wa dawa. Soko zima likavuka daraja, wa Juu, wa Bondeni na wa Ng'ambo, redio kichwani kwa Misigalo, Nyamizi mbele anacheza. Kalekwa alijifungua wiki hiyohiyo, mtoto wa kike, Nyamizi akiwa pembeni yake. Kichanga kililia sana. Bibi yake akamtajia majina, naye akatulia kwenye la kwanza.

Kuanzia soko lile, redio haisubiri kupewa jina na mtu. Ikifika mahali popote hujitaja, husalimu, ndipo husema lililoileta. Ndiyo maana waya wake hutundikwa juu. Ndiyo maana kila upande huiita kwa ulimi wake, nayo huitika. Na daraja? Mnalipita kila siku ya soko. Gogo la tatu kutoka upande wetu lina kovu la shoka. Ni kovu moja tu, la pili halikupigwa.