Nakiete na Maji ya Kukaribisha

Paukwa!

Pakawa!

Vidole vyenu?

Viko safi!

Waongo! Wewe wa mwisho hapo, kitoe hicho kidole puani kabla sijatapika. Haya, kaeni. Chakula bado hakijaiva, na ni heri, maana hadithi hii haisikilizwi na mtu mwenye tonge mdomoni.

Hapo kale, chini ya milima mirefu ya mvua, kulikuwa na nyika kavu. Watu wa nyika walikuwa na kisima kimoja tu, cha maji ya magadi. Maji yale yalikuwa machungu, na yakiingia jichoni hata aliyelala fofofo ataruka. Lakini ndiyo maji yao. Basi walikuwa na mwiko: maji hayamwagwi. Ukipewa maji unakunywa, hata kiluwiluwi akiwa anacheza ndani. Nyie! Msicheke, inachefua.

Katika nyika hiyo aliishi mtu aitwaye Senkondo, na mkewe Nakiete, na mama yake Senkondo, Bi Namsemba.

Nakiete alikuwa na kinyaa. Akiona inzi kwenye uji, hali. Akiona bakuli lina utando, hashiki. Bi Namsemba alimcheka mbele ya kijiji kizima. "Mkaza mwanangu ana pua ya paa! Ananusa hata asichopewa!"

Siku moja, jua likiwaka hata mbuzi wanahema, akapita mgeni. Amevaa kanzu nyeupe, ana mwavuli, na kanzu imelowa ingawa mvua haijanyesha tangu mwaka jana.

"Jina langu Kiwingu," akasema. "Kazi yangu ni kupeleka watu milimani kutembea na kutazama. Maporomoko ya maji! Ukungu! Ziwa la asali! Na nyumba ya kulala yenye zulia jekundu."

Senkondo akameza mate. Tangu utoto alikuwa akiitazama milima ile kwa mbali, wingu juu yake, naye midomo imempasuka kwa vumbi.

"Na unataka nini kwetu?"

"Mje mkiwa mmeshiba, basi. Na msibebe kitu. Huko kila kitu kipo."

Siku tatu nyumbani pao hapakukalika. Senkondo alichora safari kwa kijiti juu ya vumbi: hapa poromoko, hapa ukungu, hapa ziwa, hapa tunalala. Bi Namsemba alibadilisha kanga mara tisa, kisha akarudia ile ya kwanza. Nakiete akachota kibuyu kidogo cha maji ya kisimani, akakifunga kiunoni.

"Mke wangu, unabeba maji kwenda kwenye mvua?" Senkondo akauliza.

"Ninayajua yalikotoka," Nakiete akajibu.

"Aibu tupu," akasema Bi Namsemba.

Basi wakaondoka. Chini ya mlima, Kiwingu alikuwa akiwangoja, ana kibuyu kikubwa. "Maji ya kukaribisha! Kunyweni."

Senkondo akanywa, akajilamba. Bi Namsemba akanywa, akajilamba. Kikaja kwa Nakiete. Akatazama ndani. Kulikuwa na unywele mmoja mrefu mweusi, umejikunja, na juu ya maji utando unaovutika kama mlenda. Kuyanywa hawezi. Kumwaga ni mwiko. Basi akafumba midomo, akakiinamisha kibuyu kama anayekunywa, akakirudisha.

Naye Kiwingu alikuwa zimwi, jamani, na maji yale yalikuwa ya uchawi. Aliyeyanywa, uchafu wote kwake ulikuwa uzuri.

Wakapanda. Mvua ikaanza kunyesha, ile nyembamba isiyokwisha. Wakafika kwenye poromoko.

"Tazama uzuri huo, mke wangu!" akasema Senkondo.

Nakiete akatazama. Halikuwa poromoko. Ulikuwa udenda, mzito, unachuruzika juu ya mwamba na vipande vya nyama vya juzi. Senkondo akasimama chini yake akioga. Nakiete akanusa, akatema mate.

Wakapanda tena. Wakafika kwenye ukungu.

"Tazama uzuri huo, mke wangu!"

Haukuwa ukungu. Ilikuwa pumzi ya moto, yenye uvundo wa panya aliyefia darini. Bi Namsemba akaivuta kifuani. "Hewa safi hii, mwanangu! Vuta nawe!" Nakiete akanusa, akatema mate.

Wakapanda tena. Wakafika kwenye ziwa la asali.

"Tazama uzuri huo, mke wangu!"

Watoto, nisemeje? Ilikuwa nta ya sikio. Ya manjano, imeganda, ina nywele. Senkondo akachovya kidole. Akalamba! Akachovya tena, akampa mama yake naye akalamba! Astaghfirullahi. Mimi huwa nataka kuacha kusimulia hapa.

Nakiete hakutema mate. Alitapika. Na alipoinua kichwa akaelewa: udenda, pumzi, sikio. Mlima ule haukuwa mlima. Alikuwa mama yake Kiwingu, amelala chali, ameota msitu, akingoja kulishwa.

"Mume wangu, turudi! Hili ni zimwi!"

"Hebu acha maringo! Nimeingoja safari hii maisha yangu yote."

"Pua ya paa," akasema Bi Namsemba, nta ikimng'ara kidevuni.

Kiwingu akafungua mikono. "Nyumba ya kulala ni hii. Karibuni ndani. Ndani kabisa."

Senkondo akaingia. Bi Namsemba akaingia, akajinyoosha juu ya zulia jekundu. "Godoro gani hili, laini, lina joto!" Zulia likatikisika chini yake. Juu yake, meno yakaanza kushuka.

Nakiete angeweza kukimbia. Njia ilikuwa wazi nyuma yake. Lakini mume ni wake, na mama wa mume ni mama. Akaziba pua, akaingia mdomoni mwa zimwi, miguu ikizama kwenye mate mpaka magotini. Akafungua kibuyu chake.

"Usimwage maji!" Bi Namsemba akapiga kelele. "Ni mwiko!"

Akamwaga. Akamwagia Senkondo machoni. Akamwagia Bi Namsemba machoni. Magadi yakawauma, wakaruka, wakafumbua macho. Senkondo akaona ubavuni pake jino, na kwenye jino kiatu cha mtu kimekwama, na ndani ya kiatu... Haya, ndani ya kiatu mwajaza wenyewe.

"Mama!" akalia, mtu mzima yule.

Maji yaliyobaki Nakiete akayamimina yote juu ya ulimi.

Yule bibi zimwi hakuwahi kuonja magadi ya nyika. Akakunja uso, ardhi ikatikisika. Akakohoa. Akasema, "Chachandu gani hii? Ptuu!" Akatapika kila kilichokuwamo. Kiwingu alikuwa amesimama mlangoni pale pale akishangilia. Alizolewa, akatupwa nyuma ya milima, na mwavuli wake. Kumbe hata zimwi ana kinyaa.

Wale watatu wakateremka na matapishi mpaka nyikani, wakasimama kisimani wananuka. Msiniulize wananukaje.

Bi Namsemba akainama kisimani. Akachota ndoo. Akamwaga ya kwanza juu ya kichwa cha Nakiete. Akamwaga ya pili. Akamwaga ya tatu. Kijiji kikashika vichwa: maji yanamwagwa! Naye akaendelea kumsugua mkaza mwanawe kwa mikono yake, mpaka nyuma ya masikio, ndipo akaoga yeye.

Tangu siku hiyo, Bi Namsemba akikaribishwa maji kokote, hanywi. Kwanza humpa Nakiete kata na kusema, "Nusa, mwanangu."

Hadithi yangu imeishia hapo, na uvundo wake nimeuacha huko huko mlimani. Mafunzo yake: anayekuambia usibebe kitu, jiulize yeye amebeba nini. Na mwenye kinyaa msimcheke, huenda ndiye atakayewatoa mdomoni.

Sasa chakula kimeiva. Inukeni mkanawe. Na wewe, kidole hicho, nawa mara tatu.