Matanga ya Tembo Aliye Hai

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa mti.
— Mti una mwenyewe.
Mwenyewe ana nini?
— Ana tumbo.
Na akili?
— Akili alikwenda kuiazima, akaila njiani.

Hapo kale, kale isiyo ya mbali sana kwa kuwa umeme ulikuwa umekwisha kufika, katika kitongoji cha wanyama aliishi Tembo. Tembo alikuwa na mzambarau uani kwake. Mzambarau ukakua ukarefuka, ukarefuka ukatanuka, ukatanuka hata matawi yake yakalala juu ya nyaya za umeme kama mlevi aliyeegemea bega la mwenziwe. Upepo ukivuma, vuuu! Tawi likipiga waya, cha! Cheche zikiruka, na kitongoji kizima kikibaki gizani.

Tumbili, fundi wa umeme, alikuja mara tatu na msumeno wake na kofia yake ngumu, ayapunguze matawi. Mara ya kwanza Tembo alimwambia, "Tawi hilo lina zambarau." Mara ya pili akamwambia, "Tawi hilo lina maua." Mara ya tatu tawi halikuwa na kitu. Akamwambia, "Tawi hilo lina kivuli changu," akamkimbiza hadi juu ya nguzo. Masikio mapana kama ungo, na kazi yake ni kufukuza nzi!

Jirani yake Tembo alikuwa Kwale, ndege mdogo asiyefika hata ukucha wa Tembo. Zamani Kwale alitaga kichakani, Tembo akakila kichaka. Kwale akahamia kibandani, akayaweka mayai yake katika mashine ya kutotolesha. Tawi likapiga waya, mashine ikapoa, mayai yote kumi na manne yakafa. Kwale akayazika. Tembo alihudhuria mazishi, akauliza kama kuna chakula.

Sasa Kwale alikuwa na mayai mengine, kumi na saba. Zilibaki siku tatu yaanguliwe, na mawingu ya vuli yalikwisha kujipanga mlimani.

"Upepo wa kwanza ukija," Kwale akasema, "haya nayo nitayazika. La! Safari hii nitamzika mwingine."

Basi jueni kwamba Tembo na Kwale walikuwa watani tangu enzi za babu zao. Na ada ya utani mnaijua: mtani hukudhihaki mchana kweupe nawe ukacheka, ukifiwa yeye ndiye mpishi, ukifa yeye ndiye msimamizi wa matanga yako, na anayekasirikia utani hutozwa mbuzi, na aibu yake wakaiimba hata vitukuu.

Asubuhi Kwale akaingia uani kwa Tembo, kajifunga kanga kiunoni, mbawa kichwani, analia.

"Uuuwi! Uuuwi! Mtani wangu kafa!"

"Nani kafa?" Tembo akauliza, mdomo umejaa.

"Uuuwi! Na maiti yenyewe inasema!"

"Mtani, una wazimu? Mimi hapa natafuna."

"Unatafuna kwa mazoea tu. Waya umegusa tawi, tawi limeshika shina, na shina umeliegemea wewe. Ulikufa tangu juzi, mtani. Habari ndiyo haijakufikia, maana kutoka kichwani mwako hadi mkiani ni safari."

Tembo akakunja uso, akakumbuka mbuzi, akacheka kwa shida. "He! He! Utani mzuri. Sasa nenda zako."

"Nakwenda," akasema Kwale, akijipangusa machozi. "Ila masufuria saba ya ubwabwa, na nazi tumekwisha kuzikuna! Na lile sinia la kwanza, ambalo kwa ada huwekwa kichwani pa marehemu… Haya, tutawapa paka."

Masikio ya Tembo, ambayo hayakumsikia fundi mara tatu, yakasimama wima.

"Sinia la ukubwa gani?"

"Hutegemea ukubwa wa marehemu."

Tembo akaitazama miguu yake, akalitazama tumbo lake. Akawaza, akawaza, na mawazo yalipomchosha akajilaza chini, pwaa!

"Nimekufa," akasema.

"Tangu juzi," akasema Kwale. "Lakini sikiliza, mtani. Maiti haisemi. Maiti haichezeshi sikio. Na kuni za matanga hukatwa uani kwa marehemu mwenyewe."

"Mti upi?"

"Maiti haiulizi."

Wakamfunika kwa shuka kumi na mbili, na bado mkonga ukabaki nje. Kanga, Kuku na Bata wakaketi msibani, Kwale akawaongoza kwa mbolezi:

*Mtani ametutoka, mwenye tumbo kama ghala,*
*Ulimwengu kauchoka, na majani yote kala;*
*Mkonga umeanguka, masikio yamelala,*
*Mzikeni kwa haraka, kabla hajaomba kula!*

Kwale akayafunika mayai yake blanketi, yastahimili kwa saa moja. Tumbili, ambaye Kwale alikwisha kumwita, akaizima laini, akahakikisha haina umeme, ndipo akapanda na msumeno. Kere-kere-kere! Kere-kere-kere! Tawi likaanguka, gubu!

Chini ya shuka sauti ikanong'ona, "Mtani, hilo la nini?"

"La chai ya waombolezaji. Maiti haisemi."

Kere-kere-kere! Gubu!

"Mtani, na hilo?"

"La maharage. Maiti haisemi."

Kere-kere-kere! Gubu!

"Mtani, na hilo?"

"La ubwabwa wa sinia lako."

Kisha shuka zikatikisika. "Fundi! Hilo ni dogo, ubwabwa hautaiva! Kata lile kubwa, lile la juu ya waya!"

Tumbili nusura aanguke kwa kicheko. Akalikata. Akakata na la jirani yake, kwa heshima ya marehemu. Upande wa nyaya ukawa mweupe, jani halifiki waya hata kwa upondo mrefu. Tumbili akashuka, akawasha laini, kitongoji kikang'aa.

Kitambo kidogo, harufu ya nazi na iliki ikaingia uani. Sinia likaletwa, pana kama kitanda, likawekwa kichwani pa marehemu. Mkonga ukatambaa, ukatambaa, ukafika ukingoni. Paa! Kwale akaupiga mwiko.

"Jamani, maiti inakula! Mmewahi kuona?"

"Hatujawahi!" wakajibu waombolezaji, wakanawa, wakakaa kulizunguka sinia.

Tembo akaona tonge linakwenda, tonge linakwenda. Akatupa shuka zote kumi na mbili. "Acheni! Mimi ni hai! Mzima kabisa!"

"Hai?" akasema Kwale. "Mungu ashukuriwe! Basi msiba haupo, na huu ni ubwabwa wa msiba. Mtu mzima na afya yake atakula vipi cha marehemu? Twendeni nao kwangu, wenzangu, tukashukuru."

Tembo akafura, akakumbuka mbuzi, akanywea. Akageuka, akayaona matawi yake yamelala chungu nzima, mabichi, hakuna hata moja lililoguswa na moto.

"Mtani! Kuni zangu hazikuwaka! Ubwabwa umepikwa kwa nini?"

"Kwa jiko la umeme," akasema Kwale. "Tangu lini mzambarau mbichi ukapika? Umenusa ubwabwa, hukunusa moshi. Pua ndefu kuliko zote kitongojini, nayo haikukuambia!"

Jioni hiyo upepo wa vuli ukaja, vuuu! Nyaya zikabembea peke yake, na taa hazikupepesa. Siku ya tatu ikasikika tok! tok! tok! katika mashine. Yai moja lilikuwa viza. Vifaranga kumi na sita wakatoka. Wa mwisho alikuwa na tumbo kubwa, na mara alipotoka akaanza kula ganda lake. Kwale akamtazama, akampa jina Marehemu.

Hata leo, kila chakula kinapoiva, Kwale husimama mlangoni na kuita, "Marehemu, njoo ule!" Na kule ng'ambo ya ua, kila siku, Tembo huinuka.

Funzo lake, watoto: tawi la mkubwa msiliguse kamwe, hata likilala juu ya waya. Mngojeni afe kwanza. Akichelewa, mkumbusheni.

Ngano nimeiangusha chini, gubu! Ikiwa tamu, okoteni. Ikiwa chachu, mpelekeeni Tembo, yeye hachagui.