Arobaini ya Ngege

Asubuhi katika maabara ile ya Kisian, nje kidogo ya Kisumu, mwanga wa kijani ulipanda kutoka kwenye matangi ya samaki na kucheza ukutani polepole, hata mtu akasahau kwamba nje malori ya kwenda Busia yalikuwa yakinguruma. Daktari Ruqayya alipenda kuketi hapo kabla ya wenzake kufika. Ngege wake walielea kimya, macho wazi, kama watu waliochoshwa na hotuba ndefu.

Utafiti wake ulihusu namna seli zinavyosemezana kiumbe anapoumbika. Alikuwa na ukoo wa ngege waliozaliwa bila mapezi ya kifuani, maana miili yao haikuweza kutengeneza kemikali inayoziambia seli, "Hapa liote pezi." Tangu akiwa mwanafunzi Ruqayya aliamini kwamba tone la kemikali hiyo likitiwa kwenye mayai, pezi litaota. Sasa mvi zilikuwa zimeanza kumchungulia, na bado kila kizazi cha vifaranga kilianguliwa na ubavu mtupu, kikagaagaa sakafuni mwa tangi kwa majuma kabla ya kujifunza kuogelea kwa mkia tu.

"Ruqayya, nimekuvumilia vya kutosha," Profesa Debra, mkuu wa maabara, alimwambia. "Muhula huu ukiisha bila pezi, matangi nampa mwenzako Gordon, na utafiti wako naufunga."

Ruqayya aliitikia kwa adabu, kisha akajifungia chooni akalia. Hakuwahi kutamani kazi nyingine duniani.

Tuseme ukweli: kosa lilikuwa lake, na lilizaliwa na huruma. Ngege jike akishataga huyachukua mayai kinywani akayaatamia humo, chakula asiguse. Ruqayya alilelewa mjini Kisumu, katika nyumba ambamo mtoto mchanga hatolewi nje kabla ya arobaini. Basi hakuwa na moyo wa kumpokonya mama mayai yake mapema. Alingoja mpaka vijicho vyeusi vionekane ndani ya mayai, ndipo ayachukue na kuyatia dawa.

"Wacha atulie na wanawe kwanza," alizoea kusema.

"Kwani Daktari, samaki pia wanakaa arobaini?" Absalom, fundi wa maabara, alimtania. "Kwetu hata dakika arobaini hapati. Ako kwa sufuria!"

Ruqayya alicheka, lakini maneno yale yalimganda. Aliweka yai moja lenye vijicho chini ya hadubini na kutazama, akatazama hadi akajisahau. Kimoyo kilikuwa kikidunda. Seli zilikuwa zimekwisha kujipanga safu kwa safu, kila moja na kazi yake. Yeye alikuwa kama mgeni aletaye zawadi ya harusi wakati watu wanaosha masufuria.

"Absalom," aliita kwa sauti ndogo, "miaka yote hii nimekuwa nikichelewa."

Siku jike mmoja alipotaga, Ruqayya hakungoja. Alitia mikono majini, akasema bismillahi, akakifungua kinywa cha samaki. Mayai yakamwagika bakulini, ya manjano, bila alama yoyote. Jike akazunguka tangi zima akiyatafuta, kinywa wazi, na Ruqayya akaona uchungu kana kwamba ametenda dhambi.

"Nisamehe, mama," alimwambia samaki.

Nusu ya mayai aliyadondoshea kemikali papo hapo. Nusu ya pili aliyaacha kwenye maji yanayotiririka, akayapa tone lao vijicho vilipoonekana, kama ilivyokuwa desturi yake.

Vifaranga walipoanguliwa, Absalom ndiye aliyewaona kwanza.

"Daktari, kuja! Kuja uone! Huyu ni kama anapiga makofi!"

Kweli, kila ubavu ulikuwa na pezi jembamba, angavu, likipepea. Profesa Debra aliitwa, akainama juu ya tangi kwa muda mrefu. Kisha akageukia tangi la pili, ambamo ndugu zao waliocheleweshwa walikuwa wakigaagaa.

"Hawa uliwapa dawa tofauti?"

"Dawa ni ile ile, Profesa, na tone ni lile lile," Ruqayya alijibu, machozi yakimlenga. "Wale niliwawahi. Hawa niliwahurumia."

Profesa alimshika bega. "Matangi yanabaki kwako."

Ruqayya alifurahi, lakini macho yake hayakuwaacha wale wa tangi la pili, ambao hakuna tone ambalo lingewafaa tena. Ama kweli, samaki mkunje angali mbichi.