Mbwa Aliyeogopa Kuitwa

Kulikuwa na baba mmoja. Msianze kutazamana, hayumo humu, nimemtunga mwenyewe leo asubuhi nikipiga pasi. Alikuwa na mke, shamba la viazi, na mbwa mdogo aliyempa jina la Tulia, ingawa tangu aletwe pale nyumbani hakuwahi kutulia. Anavuta nguo kwenye kamba, anafukuza kuku, akiona mgeni anamrukia kifuani na miguu yake ya matope. Siku moja walikuja akina mama wa kwaya na sare zao nyeupe, na nyie akina mama wa kwaya mnajua wenyewe kilichofuata.

Basi yule baba akasema, huyu nitamfunza adabu. Na kweli alimfunza. Akishika kipande cha utumbo mkononi, akisema "kaa," Tulia anakaa. "Lala," analala. "Acha," anaacha, hata kama ni mfupa wa sikukuu. Majirani wakawa wanakuja kuangalia. Mbwa alikuwa na akili, tena alimpenda bwana wake kupita kiasi.

Ila lilikuwepo neno moja. Tulia akishakula mayai kule bandani, yule baba alikuwa anasimama mlangoni, fimbo kaificha nyuma, anaita: "Tulia! Njoo hapa!" Mbwa anakuja mbio, mkia unacheza, mwili mzima unajinyonganyonga kwa furaha ya kuitwa. Akifika, anachapwa.

Sasa niambieni. Mayai aliyala saa ngapi? Zamani, ameshasahau. Na jambo la mwisho alilolifanya kabla fimbo haijamshukia ni lipi? Ni kutii. Aliitwa, akaja. Kwa hiyo yeye alielewa kwamba anapigwa kwa kuja, na wewe ungekuwa yeye ungeelewa hivyo hivyo.

Siku ikafika lango likasahaulika wazi, Tulia akatoka, asirudi. Ubaya wake, kata ya jirani ilikuwa imeingiwa na kichaa cha mbwa, na ikatangazwa kwamba kesho yake mbwa wote wanaozurura watapigwa risasi. Yule baba akaacha chakula cha mchana mezani. Alitoka kumtafuta, mkewe nyuma yake na sufuria ya makombo, wakazunguka mashamba ya watu mpaka wakamwona Tulia ng'ambo ya uwanja wa mpira, amekonda, manyoya yamejaa matope.

"Tulia! Njoo hapa!"

Mbwa akainuka. Mkia ukacheza. Akaja hatua kadhaa, halafu akasimama, akalalia tumbo, akaanza kulia kile kilio chembamba cha mbwa. Baba akaita tena, sasa kwa kubembeleza, mikono mitupu, hana fimbo wala kamba. Mbwa akazidi kulia. Haji, wala hakimbii. Mnaiona hali hiyo? Anayeita anatamani, anayeitwa anatamani, na uwanja mzima uko katikati yao.

"Anataka kuja," baba akasema. "Sasa kwa nini haji?"

"Mzee wangu," mkewe akamjibu, "hilo neno hata mimi ukiniita nalo, kwanza najiuliza nimekosa nini."

Mama akachuchumaa kwenye nyasi, akagonga sufuria kwa kijiko taratibu, kama afanyavyo kila siku anapomlisha. Tulia akaja akitambaa, akaingiza kichwa kwenye kanga yake, akatulia.

Baba akashusha pumzi. "Afadhali. Amerudi."

"Huyu amerudi," mama akasema. Mkono wake ulikuwa shingoni kwa mbwa, lakini macho yalikuwa barabarani. "Na yule je?"

Baba hakuuliza yule nani. Walikuwa na mtoto wa kiume, yuko mjini miaka mingi sasa. Kila Jumapili anampigia mama yake. Anauliza, baba hajambo? Mgongo bado unamsumbua? Lile koti nililomtumia analivaa? Anauliza yote, mpaka mama anayasikia machozi kwenye sauti. Halafu mama akimwambia, "Ngoja nikupe uongee naye," mtoto anasema mtandao unasumbua, na simu inakatika. Na baba yake yuko pale pale kwenye kiti, ameshanyoosha mkono kuipokea.

Ndugu zangu, mtandao haukuwa na shida yoyote.

Sisi tunapenda kuwaambia vijana: usikatae wito, kataa neno. Mtoto wetu anakataa wito kwa sababu neno lenyewe analijua tangu darasa la kwanza. Tulimwita kikombe kilipovunjika. Tulimwita tukiwa tumeshika matokeo ya mtihani. Lini tulimwita kwa sababu tumemkumbuka tu? Na mtoto aliyeitwa hivyo akikua, ndivyo anavyomsikia na Mungu. Ndiyo maana wengine wetu tunakaa viti vya nyuma karibu na mlango, roho inatamani kusogea mbele na miguu inakataa, maana tunadhani na Yeye anaita akiwa amekasirika. Hajakasirika. Anatamani kutuona, basi.

Leo ukitoka hapa, mpigie mwanao. Hatapokea. Mpigie tena kesho, na wiki ijayo. Siku atakayopokea, atauliza kwa woga, "Naam, baba, kuna nini?" Usimuulize habari za kazi. Usimuulize ataoa lini. Mwambie, "Hakuna neno, mwanangu. Nimekukumbuka tu."

Na usiongeze kitu.